Mshono wa Arobaini na Moja

Ofisini wamebandika grafu ukutani.
Mstari wa bluu unashuka: majukwaa mapya.
Mstari mwekundu unapanda: sisi.
Meneja Strachan akaugusa kwa kalamu pale unapopanda,
akasema, "Osla, kazi ya kubomoa ipo hadi ustaafu,"
akatabasamu kama muuza sanda
aliyesikia habari za tauni.

Kufa kufaana.
Baba yangu Gibbie alirushwa huko kwa helikopta
miaka ishirini na miwili,
wiki mbili baharini, wiki mbili nyumbani,
na zile za nyumbani alizilala mchana.
Yale mafuta yaliezeka paa letu,
yakalipia bwawa la kuogelea la shule
na meno ya mama.
Mimi nalipwa kuyafutia nyayo.

Liliingia Lerwick mwezi wa Aprili, vipande viwili juu ya tishari:
sitaha imesimama wima,
fremu ya chini imelala, miguu hewani,
kama mende aliyepuliziwa dawa.
Mji mzima ulitoka kulitazama.
Siku ya tatu mji mzima ukafunga madirisha.
Kome wa miaka arobaini walikuwa wanaoza kwenye miguu ile,
tani kwa tani, na upepo ulielekea mjini.
Baabie Inkster, wa duka la chipsi na samaki,
alitufuata hadi getini kuuliza
kama na hiyo harufu imo kwenye grafu.

Kwanza waliingia wenye mavazi meupe na vipimo.
Ndani ya mabomba mna ukoko,
kama ule wa sufuria ya wali ulioungua,
ila huu ukisogezewa kipimo unaongea: tik, tik,
tik-tik-tik.
Wakaupakia kwenye mapipa, wakayaandika, wakaondoka bila kuaga.

Kisha wakaja shakwe.
Viota sitini na vitatu, kwenye sitaha, chini ya ngazi,
hata juu ya ubao usemao HATARI.
Sheria ya nchi ni fupi: yai halihamishwi.
Kreni inakodishwa kwa saa, shakwe halipi kodi.
Strachan alipiga simu Aberdeen, akapiga London,
faida ya robo mwaka imekaliwa na ndege
na ndege hana haraka.
Tusubiri Agosti.

Basi tukashuka kwenye miguu.

Mguu wa tatu, mita sita kutoka kwenye kifundo,
mshono ulikataa.
Chuma kingine chote kilikatika vizuri tu.
Huu ulikunywa gesi, ukatema cheche, ukabaki.
Nikainua kioo cha kofia, nikakwangua kutu kwa brashi.
Palikuwa na mhuri, tarakimu mbili: 41.
Kila mchomeleaji alipigilia nambari yake pembeni mwa mshono
ili ukivunjika ajulikane.
Haukuvunjika.
Kwa hiyo hakujulikana.

Sijui alikuwa nani, wala mhasibu hajui.
Najua alikuwa na mkono mtulivu.
Najua alipumzika wapi: hapa mawimbi ya chuma yanabadilika kidogo,
alivuta pumzi, au alivuta sigara,
au aliitwa na mtu aliyekuwa chini
akageuka, akajibu, akarudi palepale.
Januari arobaini na nne zimeugonga mshono huu usiku na mchana.
Nilikaa mbele yake na chai yangu ikapoa.
Ni kama kumjua mtu kwa mwandiko wake
nawe umetumwa uchane barua.

Nikafungua mtungi wa pili.

Saa nne na dakika kumi kipande kikaanguka, ardhi ikaitika.
Juu kule shakwe wote waliruka kwa mpigo,
wakatutukana, wakarudi kukalia mayai.

Strachan alikuja na saa yake mkononi.
Akasema chuma kinakwenda tanuri la Uhispania,
huenda kikarudi mnara wa upepo,
sentensi hiyo anaipenda, huiweka mwisho wa ripoti.
Nikamwambia huenda.

Jioni nikajaza karatasi ya saa.
Kuna mstari umeandikwa: Sababu ya kuchelewa.
Wenzangu huandika mvua, huandika gesi imekwisha.
Mimi niliandika:
Kazi nzuri.